Chuo cha marabi cha Berlin na mwanafunzi wao Regina Jonas

Juzi usiku nimelala na simu mkononi nikakutana na picha ya mwanamke kavaa joho jeusi na kofia, kashika kitabu, anaitazama kamera hata tabasamu hana. Regina Jonas, mzaliwa wa Berlin 1902, mwanamke wa kwanza duniani kupewa urabi, yani uongozi wa dini ya Kiyahudi. Toka siku hiyo nasoma kuhusu chuo kilichomlea, maana usipokijua chuo huwezi kumwelewa yeye.

Kilifunguliwa Berlin mwaka 1872, jina lake Hochschule für die Wissenschaft des Judentums, yani chuo cha elimu ya juu ya Uyahudi. Zamani rabi alikuwa anapikwa kwenye yeshiva, shule ya dini ya Kiyahudi, miaka na miaka ni Talmudi (kitabu kikubwa cha mijadala ya sheria ya Kiyahudi) na sheria. Kina Abraham Geiger, rabi na msomi wa Kijerumani, wakasema rabi wa zama hizi ajue na historia na falsafa na asiogope kuyachambua maandiko kama wasomi wengine wanavyofanya. Geiger alishahangaika miaka mingi kutaka vyuo vikuu vya Ujerumani viwe na kitivo cha theolojia ya Kiyahudi kama Wakatoliki na Waprotestanti walivyokuwa na vyao, akagonga mwamba, ndo wakaanzisha cha kwao. Alifundisha miaka miwili tu, 1874 akafariki.

Hata jina lilikuwa vita. 1883 serikali ikawaambia nyie si Hochschule, jiiteni taasisi, wakarudishiwa 1922, Wanazi walivyoshika nchi wakawanyang'anya tena. Na majira ya baridi ya 1923, pesa ya Ujerumani imeshakuwa makaratasi, mwandishi Franz Kafka na kifua chake kibovu alikuwa anaenda pale kusikiliza masomo na alichofurahia sana ni maktaba, utulivu, na kwamba ndani kuna joto.

Sasa Regina. Wanawake walikuwa wanaruhusiwa kusoma pale, wengi wakilenga ualimu wa dini, ila yeye alitaka urabi na akasema wazi. 1930 akaandika tasnifu nzima kuuliza kama sheria ya Kiyahudi inamruhusu mwanamke kuwa rabi, akapita Talmudi kipengele kwa kipengele, akafikia kwamba ukiacha ubaguzi na watu kutozoea, karibu hakuna kinachozuia. Walimu wakaisifu kazi. Profesa Eduard Baneth aliyekuwa anamsimamia akafariki mwaka huohuo, waliobaki hakuna aliyekubali kumpa urabi, wakampa cheti cha ualimu.

Hapo niliweka simu chini. Mama yangu mdogo alisoma theolojia darasa moja na wanaume, mitihani ileile, wenzake wakabarikiwa uchungaji yeye akapangiwa Shule ya Jumapili. Mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mada.

Regina hakukubali. Tarehe 27 Desemba 1935 rabi Max Dienemann wa Offenbach akamtahini na kumpa hati. Kumbuka huo ni mwaka wa sheria za Nuremberg, zile za Wanazi zilizowavua Wayahudi uraia, marabi wanakamatwa na kukimbia nchi, naye ndo anaingia kazini.

Novemba 1938 seminari kubwa nyingine mbili za marabi, ya Breslau na ile ya Wayahudi Waorthodoksi, wale wa msimamo wa kale, hapohapo Berlin, zikafungwa. Hochschule ikaendelea, walimu wanapungua, wanafunzi wanahesabika kwa vidole, na rabi Leo Baeck, mwalimu wa pale, ambaye angeweza kuondoka akabaki anafundisha mpaka Julai 1942 chuo kilipofungwa. Regina alikuwa amelazimishwa kufanya kazi kiwanda cha maboksi na bado akihubiri. Novemba 1942 Wanazi wakampeleka Theresienstadt, kambi walikofungia Wayahudi, Baeck akafuata Januari. Baeck alipona. Regina walimpeleka Auschwitz, kambi ya mauaji, Oktoba 1944, wakamuua.

Na waliomjua wakapona hawakumzungumzia. 1972 Sally Priesand alipopewa urabi Marekani dunia ikaamini ndiye wa kwanza, mpaka 1991, Ukuta wa Berlin umeshaanguka, mtafiti Katharina von Kellenbach akakuta karatasi za Regina kwenye hifadhi ya nyaraka Berlin Mashariki, hati ya urabi imo, na ile picha.

Theresienstadt nako kimebaki kikaratasi cha mkono, orodha ya mada 24 alizokuwa anawafundisha wafungwa wenzake. Juu kabisa pameandikwa: mihadhara ya rabi mwanamke wa pekee, Regina Jonas.