Gesi imeenda wapi?

Msimu wa korosho uliopita ulinikuta na friza inayotoa uji badala ya barafu. Naishi Chikongola, Mtwara mjini. Nauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, na mabonge makubwa kwa akina mama wanaochuuza samaki kutoka Feri. Novemba mvua bado, joto halina adabu, na mikononi mwa watu kuna hela ya korosho. Ndiyo miezi yangu. Sasa barafu zilizozoea kuganda usiku mmoja zikawa zinachukua siku mbili, na ukizipasua katikati unakuta maji.

Fundi niliyemwita alifungua mfuniko, akagusa ukuta kwa kidole, akasema, "Dada, gesi imeisha." Elfu themanini. Mwaka juzi nililipa hela hiyohiyo kwa maneno hayohayo, friza ikatulia miezi michache, ikarudi kulekule. Safari hii sikuwa nayo, na pengine umaskini ndio ulioniokoa.

Mtaa wa pili yupo babu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya baridi vya samaki. Nikamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wamekwambia gesi imeisha?"

"Ndiyo."

"Imeenda wapi?"

Nikakosa jibu. Mimi nilikuwa naichukulia kama gesi ya mtungi wa kupikia, kwamba inatumika mpaka inakwisha. Kumbe ile ya friji huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, kompresa ikiisukuma, na haipungui kwa kutumika. Ikipungua, pametoboka mahali, na mara nyingi pale panapovuja huonekana alama ya mafuta. Anayejaza bila kutafuta tundu anachota maji kwa pakacha. Babu aliniuliza kama utando wa barafu umeshika kuta zote au kona moja tu. Nikamwambia zote, unene wa vidole vitatu. "Basi gesi ipo. Ingekuwa pungufu, ungeona kipande kimoja kimeganda na kwingine kukavu. Kaondoe kwanza hilo ganda."

Kumbe hata nafuu ya mwaka juzi ilitokana na hilo. Ili ijazwe gesi, friza ilizimwa siku nzima, ganda likayeyuka. Elfu themanini za kuyeyusha barafu!

Nikachomoa waya, nikaacha mfuniko wazi, nikaweka ndani mabeseni mawili ya maji ya moto na matambara chini. Sikutumia kisu, na naomba na wewe usitumie. Jirani yangu alikwangua kwa kisu cha samaki, akasikia "fsss". Kile kisu kilitoboa bomba ukutani, na friza yake leo anahifadhia mkaa.

Ilipokauka nikajaribu mpira wa mfuniko kwa noti ya elfu moja: unaibana, unafunga, unaivuta. Pande tatu iligoma kutoka. Kona ya nyuma ikachomoka kama haikushikwa na kitu. Mpira ulikuwa umekakamaa na kunata ukwaju wa miaka. Hewa ya kwetu ina unyevu wa bahari, ikipenya hapo ndiyo inayogeuka utando ndani. Niliuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikaupaka mafuta ya mgando kidogo. Ukalegea, ila ile kona bado ina ukaidi.

Kisha nikaona aibu yangu mwenyewe. Friza niliisukuma hadi ukutani, karibu na jiko la mkaa, na juu yake kitambaa nilichofuma mwenyewe kikining'inia pande zote. Friza za kulala nyingi hutolea joto ubavuni, ndiyo maana ukigusa unahisi moto. Mimi nilikuwa nimeivisha koti Mtwara, mwezi wa kumi na moja. Nikaivuta mbali kidogo na ukuta, jiko likahamia uani, kitambaa kikaenda kwenye kochi.

Lakini lililonifunza zaidi lilikuwa kwenye kibandiko cha nyuma, ambacho sijawahi kukisoma tangu niinunue mtumba. Kimeandikwa uwezo wa kugandisha: kilo 12 kwa saa 24. Mimi kila jioni nilikuwa natumbukiza lita arobaini, tena juisi ikiwa bado na joto la sufuria! Kupoza maji kutoka nyuzi 30 hadi sifuri si kazi kubwa. Kuyageuza kuwa barafu, yakiwa tayari kwenye sifuri, hula nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Hakuna gesi ya kulitibu hilo.

Umeme nao ulikuwa na lake. Jioni, majirani wote wakiwasha, friza ilikuwa inalia "tik", inanyamaza, baada ya dakika kadhaa "tik" tena. Fundi umeme alipima akakuta volti 170, wakati inahitaji kama 230. Kompresa ilikuwa inajaribu kuwaka inashindwa, na kinga yake inaikata isiungue. Nikanunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Usiku ukitulia, friza inafanya kazi bila kugugumia.

Binamu yangu wa Shangani aliposikia, akaniita kama fundi. Ana friji ya milango miwili inayotengeneza barafu yenyewe, na vijibarafu vyake vilitoka vidogo, vina uwazi ndani. Hapo nilikuta maji hayafiki ya kutosha: kichujio kilikuwa cha rangi ya matope, na tangi lake limesimama mita tatu tu. Msukumo wa maji hupimwa kwa ba; kila mita moja ya urefu hutoa kama sehemu ya kumi ya ba, na kitabu cha friji yake kinataka zaidi ya ba moja. Kubadilisha kichujio kulisaidia kidogo, ila bila pampu ndogo vitaendelea kuwa hivyo. Nilimwambia atumie trei. Alikasirika.

Mimi sasa nagandisha kilo kumi na mbili kwa siku, juisi inalala kwanza kwenye beseni la maji hadi ipoe, na mama wa pweza anaweka oda siku moja kabla. Mpira mpya nilioagizia Dar es Salaam haukuingia, ulikuwa mfupi. Kwa hiyo juu ya ile kona nimeweka kinu, na kila mteja anayetaka barafu hunisaidia kwanza kukiteremsha.