Lile duara la kijani ni boma la zamani

Kama ushawahi kupita Laikipia, hapa Kenya, upande wa udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na mvua ikinyesha gari halitoki, utakuwa umeona migunga ya vinundu, ile upepo ukipita miiba inapiga mluzi, imejaa kila mahali, halafu ghafla unatokea kwa uwazi, duara kabisa, miti hakuna, nyasi fupi laini, na ng'ombe na pundamilia wote wamejaa hapo.

Mi nilidhani watu walikata miti wachome makaa. Baba mdogo akaniambia hapana, hapo palikuwa boma, yaani makao ya wafugaji na zizi lao, watu walihama yeye hajazaliwa.

Hebu fikiria, ng'ombe anakula kutwa nzima huko mbali, jioni anarudi zizini, usiku kucha anakunya na kukojoa palepale. Yaani rutuba ya eneo kubwa inabebwa kwa tumbo na kumwagwa kwa kiwanja kimoja kila siku. Watu wakihama, samadi inabaki, mwanzoni ni kali hapaoti kitu cha maana, baadaye zinaingia zile nyasi za kutambaa, tamu, si kama zile za mabua magumu zilizoko pembeni. Swala nao wanapenda hapo kwa sababu simba anaonekana kutoka mbali, wanakula, wanaacha mavi yao, udongo unazidi kunona.

Na inadumu jamani! Kule Narok watafiti walipima udongo wa maboma ya wafugaji wa kale, ya miaka 1,550 mpaka 3,700 iliyopita, wakatoa matokeo 2018: fosforasi, kalsiamu na magnesiamu bado ni nyingi kuliko nje ya boma. Miaka elfu tatu!

Ndio maana huniuma nikisikia ati mifugo ni ya kuharibu ardhi tu. Ardhi inaharibika ng'ombe akifungiwa mahali pamoja mwaka mzima, nyasi inaliwa kabla haijapumua, mizizi inakufa, udongo unakauka unakuwa kama sementi, maji ya mvua yanateleza tu juu.

Siku hizi kuna wanaolaza ng'ombe makusudi juu ya ardhi kavu isiyo na nyasi kama hiyo wiki kadhaa kwa boma la kuhamishika, kwato zinavunja lile gamba gumu la juu, samadi inaingia, wanahama. Baba mdogo alijaribu karibu na korongo. Nimepita Aprili, ndani ya alama ya boma nyasi zinafika kwa kifundo, hatua mbili nje ni vumbi.