Barabara ya Kusini, safari hii nikiwa macho

Aliyeondoka Lindi enzi za pantoni ya Ndundu, ya kuvuka mto Rufiji, akirudi huuliza kwanza kama ni kweli siku hizi mtu anakunywa chai Dar na kulala Lindi. Ni kweli. Zamani Rufiji ikifurika mabasi yalipanga foleni siku kadhaa, abiria wakikoka moto na kupika ugali kando ya njia. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, mimi nikiwa tayari Ujerumani, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kumeza matairi kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Utotoni tulizijua sehemu za kunasa tu. Nani angeuliza habari za vijiji wakati anasukuma basi?

Safari hii aliendesha mjomba, nami nikakaa dirishani. Mkuranga na Kibiti ni mikorosho kulia na kushoto, na mananasi yamepangwa mezani. Darajani mjomba alipunguza mwendo bila kuombwa. Ni karibu kilomita moja ya zege juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Baada ya hapo historia imejaa kila upande. Huku kuna vilima vya Umatumbi: pale Nandete, Julai 1905, watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu wakaing'oa, na vita vya Majimaji vikaanza. Upande wa pwani kuna Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale, mganga wa maji ya vita hivyo, tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Sisi tulipapita hapo tukibishana kuhusu mpira.

Somanga gari halijasimama vizuri, masinia yameshafika dirishani: vibua wa kukaanga waliokauka mikia, pweza wa vipande, pilipili na ndimu pembeni. Kula hapohapo, wakipoa wanapoteza utamu. Maduka ya Somanga hii, iliyoandikwa pia Samanga, yalichomwa na wapiganaji wa Majimaji siku za mwanzo kabisa za vita. Na hapa jirani ndipo barabara ilipokatika Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, kusini ikarudi kuwa kisiwa kama zamani.

Nangurukuru wageni hukata kushoto kwenda Kilwa Kisiwani, na wana haki, magofu yale yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981. Mimi nilitaka Kilwa Kivinje, mwisho wa misafara iliyoleta watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Boma la Mjerumani bado limetazama bahari, plasta imebanduka hadi mawe ya matumbawe yanaonekana.

Tulipokaribia Lindi nikamwambia mjomba habari za Berlin. Huko makumbusho kuna mjusi wa kale, yaani dinosaria, aliyesimamishwa, kimo zaidi ya mita 13, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, ndani ya mkoa wetu, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu, siku kadhaa za njia, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa jina lake mjusi mwingine wa hukohuko, Australodocus bohetii.

"Mpwa, yaani umelipa kiingilio kuangalia mifupa ya kwetu?"

Nimelipa, tena zaidi ya mara moja. Alicheka hadi akasogea pembeni ya lami. Kisha akauliza hao kina Boheti wana wajukuu wapi, maana huenda tunasali nao msikiti mmoja. Swali hilo sijawahi kuliona limeandikwa kwenye kibao chochote Berlin.

Tumepanga kwenda Tendaguru kabla sijaondoka. Mjomba anasema gari dogo halifai, jirani yake anasema pikipiki ndiyo mpango. Aliyewahi kufika atuambie njia ikoje mvua zikianza.