Shingo ya mjusi wa Tendaguru

Shingo ilianguka saa kumi alasiri, mwezi wa saba 2009, uwanjani kwa babu ng'ambo ya Kitunda, ukivuka maji kutoka mji wa Lindi. Ilianza kuinama taratibu, kama mgomba uliolemewa na mkungu, kisha mwanzi ukalia pale ulipoungana na kifua, na kichwa kikagonga chini. Nilikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Siku tisa zilikuwa zimebaki kabla ya maonyesho ya shule.

Nilichokuwa najenga ni mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale aliyepewa jina la kilima cha huku kwetu. Mwaka ule ilitimia miaka 100 tangu Wajerumani waanze kuchimba mifupa yake hapahapa Lindi, kazi iliyokwenda kuanzia 1909 hadi 1913. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa Kusini, mamia kwa mamia, na msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilisafirishwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mjusi mwenyewe yuko Berlin hadi leo, amesimamishwa ndani ya jumba la makumbusho, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Mimi nilitaka watu wa Lindi wamwone akiwa amesimama Lindi, hata kama ni wa karatasi.

Mwalimu alinipa vipimo, nikavigawa kwa kumi. Mita 13.27 ikawa sentimita 133. Urefu toka pua hadi mkia, mita 22 na ushei, ukawa kama sentimita 220. Mfupa wa juu wa mkono wa mbele, ambao kwa mnyama mwenyewe ni mita 2.13 peke yake, ukawa sentimita 21. Hapo ndipo wengi hukosea: humchora akiwa na miguu ya nyuma mirefu, kama kenge aliyeinuka. Huyu wa kwetu miguu ya mbele ndiyo mirefu, mgongo unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Ukikosea hapo, hata ufanye nini, atabaki kuwa kenge.

Miguu na kiwiliwili vilinitoka vizuri, kwa sababu niliviiga kwenye dema, mtego wa samaki wa kusukwa. Babu alikuwa fundi wa madema, na dema ni somo tosha kwa anayetaka kutengeneza umbo kubwa lisilo na uzito. Mwanzi hupasuliwa fito za upana wa kidole cha mwisho, unene wa milimita mbili hivi. Nyama laini ya ndani huparwa kwa kisu, likabaki ganda la nje, maana nguvu yote iko kwenye ganda. Fito zinalazwa majini usiku kucha ili zikunjike bila kuvunjika. Kisha zinasukwa kwa njia tatu, moja imelala na mbili zimekingama kushoto na kulia, mpaka yapatikane matundu ya pembe sita. Msuko huo hauhitaji msumari wala kamba katikati. Kila ufito unabanwa na wenzake, na ukibonyeza mahali pamoja, uzito unatawanyika kwenye fito zote za jirani.

Shingo ndiyo niliyoifanyia papara. Nilichukua mwanzi mzima wa sentimita 88, nikautoboa kwa msumari wa moto, nikaufunga kifuani kwa waya, nikauzungushia karatasi mpaka ukanenepa, nikachomeka kichwa cha udongo wa mfinyanzi.

Babu aliacha dema alilokuwa akilisuka, akaja kukiokota kile kichwa. Akakipimapima kiganjani. Kilikuwa karibu kilo nzima.

"Mke wangu," akasema, "umemtundika ng'ombe kwenye ncha ya fimbo."

"Shingo yenyewe niliikaza kwa waya, babu."

"Waya haukukatika. Tazama mwanzi ulipopasukia."

Nikatazama. Ufa ulianzia kwenye tundu nililotoboa, ukapanda moja kwa moja kama kuni iliyopasuliwa kwa shoka. Nyuzi za mwanzi zote zimekwenda upande mmoja, kwa hiyo tundu katikati ya pingili ni mwanzo wa ufa. Ukitaka kutoboa, toboa sambamba na kifundo, pale nyuzi zilipofungamana. Ukiweza usitoboe kabisa, funga.

Makosa mengine mawili niliyajua mwenyewe nilipoanza kubomoa. La kwanza lilikuwa karatasi. Nilitumia mifuko ya saruji, ambayo kwa kazi hii naipenda kuliko gazeti kwa sababu karatasi yake ina nyuzi ndefu na haivunjiki ikilowa. Lakini karatasi mbichi ina uzito wa maji yake, na mimi nilikuwa nimebandika tabaka saba kwa siku moja. Juu palikuwa pakavu, ndani kukiwa bado tope, na lilikuwa limeshaanza kunuka.

La pili lilikuwa chumvi. Bibi aliniambia gundi ya muhogo haiozi ukiitia chumvi, nikatia konzi nzima. Ni kweli haiozi upesi. Ila chumvi huvuta unyevu, na pwani yetu jioni upepo wa bahari unakuja na maji yake. Mchana shingo ilikauka, usiku ikarudi kuwa laini na kunata. Siku nne mfululizo ilikauka na kulainika, huku kilo ile ikining'inia nchani.

Tulianza upya asubuhi ya pili yake. Nasema tulianza, ingawa babu hakugusa karatasi hata moja. Yeye alipasua mianzi tu na kusema pale nilipomuuliza.

Safari hii shingo haikuchomekwa kifuani. Tulichukua fito sita ndefu, tukazianzisha kichwani, zikashuka shingoni, zikapita ndani ya mgongo, zikatokea mkiani. Pale zilipopungua urefu tuliunganisha mbili kwa kuzilaza pamoja sentimita 30 na kuzifunga kwa uzi wa nyavu sehemu tatu. Kwa hiyo shingo ikitaka kuinama mbele, lazima iuinue mkia nyuma, na mkia nao una uzito wake. Kuzizunguka fito hizo nikasuka msuko wa dema kwa umbo la pia: shinani upana wa sentimita 18, juu sentimita 5. Ndani ni tupu. Nilipouinua mfupa ule mpya wa shingo kwa vidole viwili, niliona aibu ya ule mwanzi wa kwanza.

Kichwa nikakitengeneza kwa kidaka kikavu cha mnazi, kimoja kati ya vile vinavyopukutika kabla ya kuwa madafu. Ni chepesi, na umbo lake limeshachongoka lenyewe. Meno yalikuwa vipande vya chelewa.

Gundi niliipika bila chumvi. Kikombe kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa, ukorogwe kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Vikombe vitano vya maji vichemke pembeni, na ndani yake nilichemsha majani ya muarobaini kwa ajili ya mende, nikayachuja. Maji yakitokota, mimina ule unga huku ukikoroga bila kupumzika. Utaona rangi inabadilika: weupe wa maziwa unapotea, uji unakuwa kama kioo chenye ukungu. Hapo epua. Ukiuepua kabla, hautashika. Tumia ukiwa vuguvugu, na utakaobaki usiuweke hadi kesho kutwa.

Mifuko ya saruji ikung'utwe kwanza, kisha ifutwe kwa kitambaa kikavu, halafu kibichi. Vumbi la saruji likikutana na gundi linafanya chembechembe, na mikono inababuka. Karatasi ichanwe kwa mkono, vipande vya vidole vitatu. Mkasi unaacha ukingo mkali unaoonekana hata baada ya rangi. Karatasi iliyochanwa ina manyoya pembeni, na manyoya hayo ndiyo yanayolala na kufichana.

Tabaka mbili kwa siku, basi. Asubuhi kivulini penye upepo, jua lilegee ndipo nikamtoa uwanjani. Shinani mwa shingo tabaka sita, katikati nne, karibu na kichwa mbili tu. Rangi ilikuwa udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa cha kanga, ukachanganywa na gundi nyepesi, na masizi ya chungu kwenye mikunjo.

Nilitaka nimpake mafuta ya maganda ya korosho asilowe wakati wa kuvuka. Babu alikataa kabisa. Utomvu ule unababua ngozi, na katika maonyesho watoto wangemshikashika. Tukamfunika turubai.

Siku ya kuvuka tulimbeba watu wanne, binamu zangu watatu na mimi, wawili mbele na wawili nyuma, ubao wa chini ukiwa mabegani. Ndani ya boti hakuenea kulala, ikabidi asimame katikati huku nimemkumbatia miguu. Wimbi dogo lilipotupiga, shingo ilitikisika mbele na mkia ukatikisika nyuma, vikatulia pamoja. Mzee mmoja mvuvi aliitazama muda mrefu, kisha akauliza nani aliyesuka dema lile.

Shuleni mwalimu alishusha uzi kutoka kichwani hadi chini, akaupima kwa futi. Sentimita 131. Siku tatu baadaye, maonyesho yalipokwisha, nikaupima tena mwenyewe. Sentimita 131.