Hizi stori fupi za Hugo na Nebula zinaniumiza mahali pamoja

Nina kipindi sasa sisomi kitu kingine zaidi ya hadithi fupi za sayansi ya kubuni na fantasia, zile zilizobeba tuzo, Hugo na Nebula hasa, na leo nimeona niandike maana kichwa kimejaa na nikiendelea kukaa nazo peke yangu nitapasuka. Kuna kitu nimeanza kukiona ndani yake, na kadiri ninavyosoma ndo kinazidi kujitokeza.

Kwa msiozifuatilia, kwa kifupi tu. Hugo zilianza 1953, zinapigiwa kura na wanachama wa Worldcon, ule mkutano wa kila mwaka wa mashabiki wa sayansi ya kubuni, yaani wasomaji wenyewe, unalipia uanachama unapiga kura. Nebula wanapeana waandishi kupitia chama chao kilichoanzishwa Marekani 1965. Kote kuna kundi la hadithi fupi ambalo halivuki maneno 7,500, halafu noveleti mpaka 17,500, halafu novela mpaka 40,000, juu ya hapo ni riwaya. Riwaya naziheshimu ila mapenzi yangu yako huku chini, kwa sababu mtu mwenye maneno 7,500 hana nafasi ya kukutembeza kwenye sayari yake akuonyeshe milima na historia ya wafalme, amebadilisha kitu kimoja tu duniani na inabidi akuguse nacho upesi kabla karatasi haijaisha.

Sasa nilichokiona ni hiki. Zile ambazo watu bado wanazitaja miaka na miaka baada ya tuzo, ukishaondoa maabara na viumbe wa ajabu, nyingi zinahusu watu wawili wanaopendana, au wangeweza kupendana, na maneno yanawakatikia katikati. Hiyo tu. Mashine na maajabu yamewekwa pale ili ule ukimya uonekane vizuri.

Chukua "Flowers for Algernon" ya Daniel Keyes, ilitoka 1959 kwenye The Magazine of Fantasy & Science Fiction na 1960 ikapewa Hugo. Charlie Gordon ni mfagizi wa kiwanda cha maboksi ya plastiki, akili yake nzito, anafanyiwa operesheni ya kuongezewa akili ambayo ilishajaribiwa kwa panya anayeitwa Algernon, anapanda mpaka anawapita hao madaktari waliompasua, halafu panya anaanza kuharibikiwa na Charlie anajua zamu yake inakuja. Lakini ilivyoandikwa jamani! Yote ni ripoti anazoziandika Charlie mwenyewe, siku hadi siku, kwa hiyo hakuna mtu wa kukwambia kwamba sasa ameanza kupata akili, unaiona kwenye spelingi. Mwanzoni maneno yamepinda yote. Kuna siku amefundishwa mkato, basi anaumwaga kila mahali, mkato baada ya neno mkato baada ya neno, ana furaha kama mtoto aliyepewa filimbi, kesho yake amejua kwamba kuna alama nyingine nyingi na anazimimina zote kwa pamoja. Kurasa chache mbele anaandika sentensi ndefu zilizonyooka kama profesa. Na kwa kuwa ulishafundishwa kumsoma kupitia herufi zake, siku neno la kwanza linaporudi kupinda moyo unashuka kabla yeye mwenyewe hajasema lolote.

Watu huwa wanalilia ule mwisho na mimi naulilia, ila sehemu inayonikaa zaidi iko katikati. Charlie akiwa kileleni, anampenda mwalimu wake, Bi Kinnian, na unaona kwamba na akili zake zote hizo bado yuko mbali naye kama alivyokuwa mwanzo. Alipokuwa mzito hakuweza kumfikia, sasa ni mwepesi na hawezi kumfikia, anaongea na yule dada hamwelewi tena. Yaani ule mlango ulifunguka kwa muda mfupi tu, wakati akili zao zinapishana njiani, mmoja anapanda na mwingine amesimama, halafu ukafungwa. Na baadaye akishaporomoka anaingia darasani kwa Bi Kinnian, amesahau kwamba hayumo tena kwenye lile darasa, anakaa kiti chake cha zamani nyuma anamwambia yuko tayari kwa somo ila kitabu amekipoteza, mwalimu anatoka nje mbio analia na Charlie ndo anakumbuka. Anaripoti hayo kwa sentensi chache zenye makosa ya spelingi. Mwandishi mwingine angeijaza ile picha machozi kurasa mbili nzima.

Na ilibaki kidogo tuikose. Keyes aliipeleka kwanza kwa Horace Gold, mhariri wa jarida la Galaxy, Gold akaipenda lakini akataka mwisho ubadilishwe, Charlie abaki na akili zake amuoe mwalimu waishi kwa raha. Keyes alikataa, akaibeba akaondoka nayo. Huyu hakuwa mwandishi mkubwa wakati ule, alikuwa mwalimu, jarida kama lile likikwambia badilisha, wengi tungebadilisha. Nikifikiria hilo namheshimu mara mbili.

Kutoka hapo nilienda kwa Octavia Butler na "Speech Sounds", na hii ndo imenikalisha macho. Ilitoka 1983, mwaka uliofuata ikachukua Hugo ya hadithi fupi, na 1985 akachukua nyingine ya noveleti kwa "Bloodchild" ambayo na Nebula ilikuwa imeshapata. Butler alizaliwa Pasadena 1947, mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, na yeye hakuendesha gari, alikuwa mtu wa mabasi. Mwenyewe alieleza kwamba hii stori ilimjia kwenye basi, kipindi ambacho alikuwa akienda kumtembelea rafiki yake aliyekuwa anakufa kwa saratani, akaona watu wanapigana humo ndani mpaka damu, na akajiuliza kama binadamu tutakuja kujifunza siku moja kuwasiliana bila ngumi. Alikiri kwamba alipoanza kuiandika hakuwa na matumaini na hakuwa anawapenda sana binadamu. Unaisikia hiyo hali kuanzia sentensi ya kwanza.

Ugonjwa umepita na kuwanyang'anya watu lugha. Wengine hawawezi kuongea, wengine hawawezi kusoma, wengine vyote viwili, na waliobakiwa na kidogo wanakificha kwa sababu wivu unaua. Rye yuko kwenye basi anatoka Los Angeles anaelekea Pasadena kumtafuta kaka yake, maana mume na watoto wake wameshakufa, vijana wawili wanaanza kugombana kwa ishara tu, mmoja amemwelewa mwenzake vibaya, na basi zima linageuka uwanja wa vita. Anatokea mwanaume mwenye sare ya polisi anatuliza ile fujo. Majina hawawezi kupeana, kwa hiyo Rye anampa jina kichwani kutokana na jiwe jeusi alilovaa shingoni, Obsidian, na Rye mwenyewe amevaa pini ya umbo la suke la ngano. Wanapanda gari lake, anatoa ramani, anaonyesha kidole, na hapo Rye anaelewa kwamba huyu mtu anaweza kusoma.

Hicho kipande nimekirudia sana. Rye alikuwa akifundisha historia chuo kikuu, nyumba yake imejaa vitabu ambavyo hawezi kuvisoma tena wala kukubali kuvichoma kuni, na sasa pembeni yake kakaa mwanaume ambaye bado anasoma. Anamchukia ghafla, chuki ya kuua, na bastola anayo. Halafu Obsidian naye anamgusa mdomo kwa kidole akimuuliza kama anaweza kuongea, na Rye anakiri kwa kichwa, na unaona zamu ya wivu imehamia upande wa pili, usoni kwa mwanaume. Kila mmoja amebeba nusu ambayo mwenzake angetoa chochote aipate. Wangeweza kuuana pale. Wanachagua kitu kingine, kwa muda mfupi, na mbona Butler hatuachii tustarehe nacho hata kidogo. Muda si mrefu Obsidian kafa kwa risasi akijaribu kuingilia ugomvi wa watu asiowajua. Kinachofuata sitakiharibu chote ila kuna watoto wawili wadogo na mmoja anafungua mdomo anapiga kelele, maneno kamili yanayoeleweka. Nilisimama nikazunguka chumba. Mwanamke ameandika ndani ya huzuni ya namna ile na bado akapata njia ya kufika pale bila kudanganya.

Ken Liu sitakaa naye sana maana "The Paper Menagerie" imeshaongelewa mno, ilitoka 2011 na ndiyo kazi ya kwanza kabisa kushinda Hugo, Nebula na World Fantasy zote tatu. Mama wa Kichina aliyeolewa Marekani kupitia katalogi anamkunjia mwanawe wanyama wa karatasi, anawapulizia pumzi wanatembea, wa kwanza, chui milia, katengenezwa kwa karatasi ya kufungia zawadi ya Krismasi. Mtoto akikua anamwonea aibu mama yake, anamtaka aongee Kiingereza, na mama anapunguza maneno mpaka anakaribia kunyamaza kabisa. Akishakufa, kijana anaikuta barua ndani ya mikunjo ya yule chui, kwa Kichina, na hawezi kuisoma. Inabidi atafute mtu asiyemjua kabisa, mtalii, amsomee barua ya mama yake mzazi. Kwangu hilo ndo pigo lenyewe kuliko uchawi wote wa karatasi, kwamba sauti ya mama imemfikia kupitia mdomo wa mpita njia. Na Liu mwenyewe alihama China akiwa mtoto, baadaye akawa ndiye aliyeitafsiri "Folding Beijing" ya Hao Jingfang iliyochukua Hugo ya noveleti 2016, kwa hiyo kazi ya kuwa mdomo wa mwingine anaijua.

Na sasa Ted Chiang, ambaye huwa nabishana na watu juu yake. Anaandika kidogo sana, miaka inapita kimya halafu inatoka stori moja, muda mrefu ameishi kwa kuandika maelezo ya kiufundi ya programu za kompyuta. Stori yake ya kwanza kuchapishwa, "Tower of Babylon" ya 1990, ilichukua Nebula hapohapo. "Story of Your Life" ya 1998 nayo ikachukua Nebula ya novela, ndiyo iliyotengenezewa filamu ya Arrival ya 2016. Louise ni mtaalamu wa isimu, anajifunza maandishi ya viumbe wageni ambao wanaona muda wote kwa mara moja, mwanzo na mwisho pamoja, na lugha ile inamwingia mpaka na yeye anaanza kukumbuka yajayo. Anamsimulia binti yake ambaye hajazaliwa, wakati anajua atakufa akiwa na miaka 25.

Ubishi wangu ni huu. Kwenye filamu binti anakufa kwa ugonjwa akiwa bado mdogo, watu wanalia, sawa, lakini ugonjwa huwezi kuukataza. Kwenye hadithi anakufa kwa ajali ya kupanda miamba. Hiyo mama yeyote angeweza kusema neno moja tu, usiende. Louise analijua hilo neno, analo mdomoni miaka yote, na hasemi. Ndo maana nasema hadithi ni kali zaidi, filamu ilimwonea huruma. Wengine wananiambia basi huyo mama hana moyo au hana uhuru, ni kama roboti anafuata mstari. Mi sikubaliani hata kidogo. Chiang kaweka mle ndani mfano wa harusi, kwamba ukumbini kila mtu anajua mfungishaji ndoa atatamka nini, hakuna habari mpya, na bado yasipotamkwa hakuna ndoa. Kuna maneno kazi yake ni kutenda, kujua tayari hakuyafanyi yasiwe na maana.

Halafu kuna pale binti akiwa mdogo anataka asomewe kitabu ambacho anakijua chote, mama akijaribu kubadilisha kidogo anakatazwa, hapana, sivyo inavyoenda. Mama anamuuliza, kama unaijua nikusomee ya nini? Mtoto anajibu kwamba anataka kuisikia. Mi hapo ndo namwelewa Louise, na atakayeniambia hakuchagua kitu aje tubishane, ila aisome ile hadithi kwanza, filamu pekee siipokei.