Marashi ya ubani na manemane, bila msandali

Marashi ninayoyapenda ni yale yenye harufu ya udongo na utomvu: mazito, makavu kidogo, yasiyoipiga pua kwa utamu wa maua au matunda. Hapa Kisumu, ambako joto huyafukuza marashi mepesi kabla ya adhuhuri, utomvu una faida iliyo wazi, kwa kuwa hupaa polepole na anayejipaka asubuhi bado hunukia jioni. Kwa muda sasa nimekuwa nikijichanganyia mwenyewe, na kazi hiyo imenilazimu kuuliza kila kiungo kimetoka katika mti gani na mti huo umeachwa katika hali gani.

Chupa kuandikwa kwamba vilivyomo ni vya asili hakujibu swali hilo. Msandali wetu, Osyris lanceolata, ni wa asili kabisa, lakini mafuta yake hukaa katika kiini cha shina na katika mizizi, kwa hiyo mvunaji haridhiki na tawi bali huung'oa mti mzima. Isitoshe, msandali una miti ya kiume na ya kike, na wavunaji huiandama zaidi ile ya kike, inayosifiwa kwa wingi wa mafuta, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayozaa mbegu. Uvunaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini bado tunasikia habari za shehena zilizonaswa barabarani. Mafuta ya msandali yanayouzwa kwa bei ya kutupa, bila karatasi yoyote, hayaingii nyumbani kwangu.

Ubani na manemane ni habari nyingine, kwa sababu kinachochukuliwa ni utomvu na mti hubaki umesimama. Katika nyanda kame za Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir huota Boswellia neglecta, mti mdogo wa ubani, pamoja na aina kadhaa za Commiphora, ukoo wa manemane. Sehemu kubwa ya utomvu wa huko hujitokea wenyewe kupitia nyufa za gome au matundu ya wadudu, ukakaukia mtini, na wafugaji, wakiwemo wanawake wengi, huubandua wakiwa machungani. Ubani huu hauna sifa kubwa kama ule wa Oman au Somalia, lakini kwa pua yangu una udongo zaidi, na ukali wake wa mwanzo hutulia upesi. Penye desturi ya kugema kwa kisu, jambo la kuuliza ni idadi ya majeraha na urefu wa mapumziko, maana mti wa ubani uliochanjwa kupita kiasi hudhoofika, hutoa mbegu hafifu na huwa rahisi kuvamiwa na wadudu.

Nyumbani huusaga utomvu kwa kinu, nikauloweka katika spiriti kali ya kunywewa, nikaufunika mahali penye giza na kuutikisa kila ninapoukumbuka. Manemane ina gundi nyingi ambayo huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika spiriti, kwa hivyo hutuama chini, na kile kilicho juu ndicho huchujwa. Spiriti si kitu cha kuagiza mbali: Muhoroni, katika kaunti yetu hii hii, hutengenezwa kutokana na molasi ya miwa. Ile ya kuwashia moto isitumiwe kamwe, kwa kuwa huweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu hata ikipenya kwenye ngozi.

Harufu yenyewe ya udongo huletwa na vetiva, nyasi ambayo mafuta yake yamo mizizini. Kuing'oa kwenye mteremko huacha ardhi wazi kwa mmomonyoko, jambo la kusikitisha kwa mmea ambao wakulima wengi huupanda hasa ili kuuzuia. Mkulima mwangalifu huvuna tambarare, hukata mizizi, kisha hurudisha mashina ardhini. Pachuli, mmea mwingine wenye harufu ya udongo, haina utata kama huo, maana huvunwa majani tu. Mafuta ya aina zote mbili huchakachuliwa sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo hata muuzaji niliyemzoea bado namwomba jina la kisayansi la mmea na mahali ulikovunwa.

Mfano mzuri upo karibu. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima Ocimum kilimandscharicum, jamii ya mrehani yenye harufu ya kafuri, huukamua kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kazi waliyoianza kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha icipe. Mmea uko shambani, kipato kiko kijijini, na msitu haudaiwi chochote. Sioni kwa nini wa manukato wasifuate njia hiyo.

Marashi yangu bado yana pengo, sitaficha. Vetiva na pachuli hazina ule ulaini wa maziwa ambao msandali huuweka chini ya ubani, na manemane peke yake huelekea uchungu. Upo msandali wa Kihindi unaolimwa katika mashamba ya Australia Magharibi, lakini bei yake inanishinda, kwa hiyo nimeongeza vanila kidogo na kuuacha uchungu uliosalia usikike.