Mashine ya mtumba, visu na mtetemo

Wafugaji wenzangu wa Uasin Gishu, leo nimemaliza kufyeka ekari nne za malisho bila trekta kutetemeka, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha. Mashine hii ya kufyekea, yenye visu vinavyoning'inia kwenye bomba linalozunguka, niliinunua ikiwa mtumba. Rangi ilikuwa mpya, nikaamini rangi. Laiti ningelishika lile bomba na kulitikisa, ningejua beringi zinazolishikilia likizunguka, moja kila mwisho, zimelegea. Nilizibadilisha zote mbili. Waya wa seng'enge uliojiviringisha pembeni ndio uliokuwa umekula sili, kile kizibo kinachozuia grisi isitoke kwenye beringi.

Mtetemo ukabaki. Fundi akaniuliza, "Mzee, ulibadilisha visu vilivyovunjika tu?" Kumbe kisu kipya ni kizito kuliko kilicholika. Ukiweka kimoja, badilisha na cha upande wa pili, uzito ulingane.

Sasa kabla ya kazi ni grisi, kukaza mkanda, kisha kuzunguka shamba kuokota mawe. Trekta likinguruma, hakuna mkono unaoingia chini ya mashine. Vijana wangu nimewakataza kabisa.

Kule nilikoanza kufyeka nyasi zimechipua laini, na ng'ombe hawataki kutoka.